MRI: Kabla ya kuuza ng'ombe, uliza picha inatafuta nini

Ukikaa kwenye baraza yoyote ya Chwaka ukalalamikia mgongo, hukosi mtu wa kukwambia, "Nenda mjini ukapige MRI." Zamani watu walikuwa wakiambizana wapige eksirei, leo jina lililo midomoni ni MRI. Anayelitaja mara nyingi hajui kipimo hicho kinaona nini, lakini anajua kwamba ni ghali, na kwa wengi wetu kitu ghali lazima kitakuwa bora. Hapo ndipo ng'ombe anapouzwa, kidani cha dhahabu kinapowekwa rehani na watoto walioko mjini wanapopigiwa simu wachange.

Na wakati fedha hizo zinatafutwa kwa ajili ya mgongo ambao pengine ungepoa wenyewe, huenda katika mtaa huohuo yuko baba ambaye miguu yake inakufa ganzi kwa wiki ya tatu sasa. Haja ndogo haitoki vizuri, lakini anaona haya kusema. Nyumbani anasuguliwa mafuta na kuambiwa ni baridi ya bahari. Huyo ndiye anayehitaji MRI, tena anaihitaji leo, na hakuna aliyemwambia.

Msimamo wa safu hii ni kwamba tatizo letu na MRI lina pande mbili. Wapo wanaoikimbilia bila ya sababu, na wapo wanaochelewa nayo mpaka miguu imelala. Pande zote mbili zina dawa moja, nayo ni kujua swali kabla ya kutafuta jibu. MRI ni jibu. Mtu akienda kwenye mashine hiyo bila ya swali, atarudi na picha nyingi, deni, na hofu ambayo hakuwa nayo alipoondoka nyumbani.

Mashine inaona nini

Tuanze na mashine yenyewe. MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT-Scan. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku ile, chembe za haidrojeni zilizomo mwilini mwake hujipanga kufuata mvuto. Kisha mashine hupiga mawimbi ya redio yanayozitikisa chembe hizo, na zinaporudi mahali pake hutoa ishara. Kompyuta huzikusanya ishara hizo na kuchora picha. Kwa kuwa maji yaliyomo kwenye ubongo, kwenye misuli na kwenye uvimbe hayatoi ishara zinazofanana, picha inazitenganisha sehemu hizo kwa uwazi mkubwa.

Sumaku ya mashine za kawaida ina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoizungusha sindano ya dira ya nahodha. Elimu yake haina umri mkubwa. Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alionyesha namna ya kupata picha kwa njia hii, na Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza kwa hesabu zilizofanya picha zipatikane haraka. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003. Tarehe 3 Julai 1977, Raymond Damadian na wasaidizi wake huko Marekani walimpiga binadamu picha ya kifua kwa mashine yao, na picha hiyo moja iliwachukua karibu saa tano. Leo kipimo kizima huchukua kiasi cha dakika 20 hadi 45, na pengine zaidi kidogo kwa kutegemea sehemu inayopimwa.

Uwezo huo umewafanya watu waamini kwamba MRI ni mkubwa wa vipimo vyote na kwamba vingine ni vya watu wasio na uwezo. Si kweli. Mfupa uliovunjika unaonekana vizuri kwa eksirei. Damu iliyovuja kichwani baada ya ajali ya bodaboda huonekana kwa CT-Scan, tena kwa dakika chache. Mtoto aliyemo tumboni, mawe ya nyongo na maji yaliyojaa kwenye figo huanza kuangaliwa kwa altrasaundi. MRI inashika nafasi ya mbele pale panapotafutwa mambo ya sehemu laini: ubongo, mishipa ya fahamu, diski za mgongo, kano za goti, tezi dume, mfuko wa uzazi. Mvuvi wa Chwaka hachukui dema kwenda kutafuta papa, wala hatandiki jarife kwa ajili ya changu. Kila samaki ana mtego wake, na maradhi nayo ni vivyo hivyo.

Mgongo wa mwani na wa dau

Malalamiko makubwa ya ukanda wetu wa mashariki ni mgongo, na hilo halishangazi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, kinamama wamekuwa wakiinama majini kwa saa nyingi wakati wa bamvua, wakifunga mbegu kwenye kamba na kupigilia vigingi, kisha kuibeba mizigo iliyolowa mpaka nchi kavu. Wanaume nao wanasukuma vyombo, wanavuta nyavu, wanakwea minazi na kubeba mawe ya ujenzi. Mgongo uliofanya kazi hizo kwa miaka 20 lazima utauma siku moja.

Sasa tuchukue mfano wa mama wa miaka 50 ambaye mgongo umemshika kwa wiki mbili. Anatembea, miguu ina nguvu, haja zake zinatoka kama kawaida, hana homa wala hajakonda. Akipigwa MRI leo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ripoti itaandika kuwa diski zake zimechakaa, na moja au mbili zimetokeza. Atasoma maneno hayo kama hukumu. Ataacha kazi, atalala kitandani, atauliza habari za upasuaji.

Lakini ukimpiga picha jirani yake wa umri huohuo asiyeumwa na chochote, kuna uwezekano mkubwa ukakuta yaleyale. Hili limepimwa. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Waliokutwa na diski zote nzima walikuwa asilimia 36 tu. Mwaka 2015 zilikusanywa tafiti zilizohusu watu 3,110 wasioumwa mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya vijana wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wazee wa miaka 80. Kwa maneno mengine, diski huchakaa kama nywele zinavyoota mvi. Kuziona mvi hakukwambii kwa nini kichwa kinauma.

Kwa hivyo mgongo wa kawaida hautafutiwi picha kwanza. Unatafutiwa mtu wa kuupima kwa mikono na macho: daktari au mhudumu wa kituo cha afya, atakayekwambia uinue mguu, usimame kwa visigino, uonyeshe maumivu yanapoanzia na yanapoishia. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hivi, wakipewa dawa za maumivu kwa maelekezo na wakiendelea kujisogeza. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Misuli hulegea na maumivu hurefuka. Kinachosaidia ni kutembea kidogo kidogo, kuugawa mzigo wa mwani mara mbili badala ya kuubeba mara moja, kuinua kitu kwa kukunja magoti na si kiuno, na kupata mazoezi tiba yanapopatikana. Wiki sita zikipita bila ya nafuu, au maumivu yakizidi, rudi kwa daktari. Hapo ndipo mazungumzo ya picha huanza kuwa na maana.

Dalili zisizosubiri wiki sita

Zipo dalili ambazo hazisubiri hata siku moja. Tunaomba ndugu wasomaji mzikate mzitundike ukutani, au mumsomee asiyeona vizuri.

Ya kwanza ni haja. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye mkojo umemfunga, au unamtoka bila ya kujijua, au ameshindwa kuzuia haja kubwa, huyo ni mgonjwa wa dharura. Ya pili ni ganzi ya sehemu za siri na mapaja ya ndani, pale ambapo mwili ungegusa tandiko la baiskeli. Ya tatu ni miguu inayopoteza nguvu: mtu anaburuta mguu, anaanguka anaposimama, au ndara inamvuka bila ya yeye kujua. Dalili hizi zinaweza kumaanisha kwamba mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo imebanwa. Mishipa iliyobanwa kwa saa chache ina matumaini makubwa kuliko iliyobanwa kwa wiki. Huyu ndiye wa MRI ya haraka, kwani daktari wa upasuaji anahitaji kujua ni pingili ya ngapi na kinachobana ni nini.

Zipo nyingine ambazo hazihitaji kukimbia usiku lakini hazitaki kupuuzwa. Maumivu ya mgongo yanayokwenda pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa ya kifua kikuu cha mgongo, maradhi yanayotibika kwa dawa yakijulikana mapema na yanayoupinda mgongo yakicheleweshwa. Mzee wa kiume mwenye shida ya mkojo ya muda mrefu, kisha mgongo ukaanza kumuuma mchana na usiku hata akiwa amelala, achunguzwe tezi dume, kwani saratani ya tezi hiyo hupenda kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti akaanza maumivu mapya ya mgongo naye asiambiwe ni uzee.

Tatizo kubwa hapa ni haya. Kwetu si jambo jepesi baba mtu mzima kumwambia mwanawe kwamba sehemu za siri hazisikii, au bibi kumwambia mkwe kwamba amejikojolea. Lakini wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Mhudumu wa afya asisubiri kuambiwa, aulize yeye, kwa adabu na faraghani: "Haja inatoka vizuri, mzee? Ganzi imefika wapi?" Maswali mawili hayo hayana gharama yoyote, na yanaweza kumwokoa mtu na maisha ya kitandani.

Kuna pia aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Mara nyingi tunamuona akinyanyuliwa mikono na miguu na kukunjwa ndani ya gari. Kufanya hivyo kunaweza kuumalizia mgongo ambao ulikuwa umevunjika tu bila ya kukata mishipa. Asinyanyuliwe kama gunia. Kichwa, shingo na kiwiliwili vishikwe pamoja na watu kadhaa, ageuzwe kama gogo moja, alazwe juu ya ubao au hata mlango, afungwe asitikisike, ndipo apelekwe. Kutoka Chwaka hadi Mnazi Mmoja ni kiasi cha kilomita 30 za lami. Dakika kumi za kutafuta ubao hazipotezi kitu.

Kichwa, na watoto wetu

Kwa upande wa kichwa, kiharusi kinawachanganya wengi. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukianguka, maneno yakakwama, usikae kusubiri nafasi ya MRI. Kinachotakiwa kwanza ni kufika hospitali haraka na kupata CT-Scan, ili ijulikane kama mshipa umepasuka au umeziba, kwa sababu matibabu ya moja ni hatari kwa nyingine. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. MRI ni bora sana kuuonyesha ubongo uliokosa damu, lakini ubora wake hauna faida ukimfikia mgonjwa kesho yake.

MRI inahitajika zaidi kwa mtu mzima aliyeanza kifafa ambacho hakuwa nacho, kwa maumivu ya kichwa yanayozidi kila wiki yakiambatana na kutapika alfajiri au macho kuona mawili mawili, na kwa mtu ambaye mwili unadhoofu upande mmoja pole pole. Kifafa, tukumbushe tena, ni maradhi ya ubongo. Mgonjwa apelekwe kwa daktari wa ubongo na asifungiwe ndani.

Kwa watoto, mzazi akiona kichwa cha mtoto mchanga kinakua kuliko mwili, utosi umevimba, macho yanaelekea chini na mtoto ananyonya kwa shida, amuwahishe hospitali. Huenda maji yamejaa kwenye ubongo, maradhi yanayojulikana kwa jina la kichwa maji. Na hapa lipo jambo la kutia moyo: maadamu utosi haujafunga, altrasaundi inaweza kupita hapo na kuyaonyesha maji hayo. Mtoto hahitaji kusubiri mashine ya mabilioni. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na mgongo kilichofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, na maradhi ya namna hii ni katika kazi zake. Mtoto anayefikishwa mapema ana nafasi ya kwenda skuli kama wenziwe.

Siku ya kipimo

Aliyeandikiwa MRI kwa sababu inayoeleweka asiogope. Haiumi na haichomi. Inapiga kelele kubwa za kugonga, ndiyo maana hupewa vizibo vya masikio. Atalala ndani ya kitu mfano wa pipa refu lililo wazi pande mbili, na anatakiwa asitikisike. Mtu anayeogopa sehemu finyu aseme mapema. Zipo njia za kumsaidia, na hupewa kitufe cha kumuita mtaalamu wakati wowote.

Hatari ya MRI ni chuma. Sumaku ile iko kazini hata pale inapoonekana mashine imenyamaza. Januari 2018 katika hospitali moja mjini Mumbai, India, kijana aliyempeleka ndugu yake kwenye kipimo aliingia na mtungi wa oksijeni. Sumaku ikauvuta mtungi pamoja naye, na akafariki. Kwa hivyo msindikizaji naye akaguliwe, si mgonjwa peke yake.

Kinamama watoe pini za mtandio na za nywele, bangili, vipini, herini na buibui lenye nyuzi za chuma. Wanaume watoe saa, mkanda, funguo na simu. Aliyevaa hirizi yenye kifuko cha bati aivue; daktari hamuulizi ya nini. Muhimu zaidi ni chuma kilichomo ndani ya mwili. Mwambie mtaalamu kama umewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kibanio kwenye mshipa wa ubongo, vyuma vya mifupa, kitanzi cha uzazi, au kama kuna risasi iliyobakia mwilini. Fundi wa kuchomelea au wa kusaga chuma aseme kama aliwahi kuingiwa na kipande jichoni. Vitu vingine kati ya hivi havina madhara na vingine vinaweza kuua, na anayejua tofauti ni mtaalamu, basi umwambie vyote. Mjamzito aseme, na mwenye maradhi ya figo aseme, kwani mara nyingine huchomwa dawa ya kung'arisha picha ambayo figo ndizo zinazoitoa mwilini.

Maswali matatu kabla ya kulipa

Kabla ya kuuza chochote, muulize daktari maswali matatu. Unatafuta nini kwa picha hii? Ukikiona au usipokiona, matibabu yangu yatabadilika vipi? Kuna kipimo kingine cha karibu na cha nafuu kinachoweza kujibu swali hilohilo? Kumuuliza daktari si kumvunjia heshima. Daktari mwenye swali atakujibu kwa sentensi mbili. Akiwa anakutuma tu kwa sababu umeshikilia, naye atakwambia.

Ukishapiga picha, usiridhike na filamu kubwa nyeusi ya kuwaonyesha wageni. Dai ripoti iliyoandikwa na daktari bingwa wa radiolojia, na nakala ya picha zenyewe kwenye diski ya kompyuta. Zitunze pamoja pahala pakavu. Wako wagonjwa wanaopigwa MRI ileile mara mbili kwa sababu ya kwanza ilipotea au haikuwa na maelezo. Na ripoti irudi kwa daktari aliyekuandikia kipimo, kwani yeye ndiye aliyeugusa mwili wako. Picha humsaidia aliyekuona. Peke yake haijui kama unatembea au hutembei.

Waajiriwa na familia zilizosajiliwa na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza mwaka 2023, waulizie mapema kama kipimo walichoandikiwa kinalipiwa na kwa utaratibu gani wa rufaa. Kujua hilo baada ya kulipa mkononi ni hasara.

Wajibu wa Serikali na hospitali

Mgonjwa ana wajibu wake, lakini hawezi kuubeba wa Serikali. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Unguja aliyeandikiwa MRI aliandikiwa pia safari ya boti kwenda Dar es Salaam: nauli ya wawili, malazi ya kwa jamaa, na foleni ya Muhimbili. Na huko nako haikuwa lazima aikute mashine nzima. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifika Muhimbili bila ya taarifa akakuta mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi kwa wiki nyingi, huku wagonjwa wakielekezwa hospitali binafsi. Aliivunja bodi na kuagiza mashine zitengenezwe ndani ya muda mfupi, na zikatengenezwa. Nchi nzima ilishangilia. Lakini somo la tukio lile si kishindo cha Rais. Somo ni kwamba mashine ya mabilioni inaweza kukaa kama kabati kwa sababu ya kipuri na mkataba wa matengenezo.

Kwa Zanzibar, somo hilo lina uzito wa ziada. Sumaku za aina iliyozoeleka hupozwa kwa heliamu ya maji yenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri, na mtambo wa kuipoza unatakiwa uende usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, heliamu huvukizwa ikapotea, na kuijaza tena ni fedha nyingi. Hakuna Mzanzibari mtu mzima aliyesahau miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale umeme unaovuka bahari kutoka Bara ulipokatika. Waya mpya wa chini ya bahari umewekwa tangu wakati huo, lakini funzo lipo palepale: anayenunua MRI anunue pamoja na jenereta, mkataba wa matengenezo, mafundi waliosomeshwa na madaktari wa kuzisoma picha. Bila ya hayo tunakata utepe tu.

Hatuwezi kulinganishwa na Japani, yenye zaidi ya mashine 50 za MRI kwa kila watu milioni moja. Kwa kipimo hicho Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, ingekuwa na zaidi ya mashine 90. Hatuzihitaji 90. Tunahitaji chache zinazofanya kazi kila siku, na njia iliyonyooka ya kuzifikia kwa anayezihitaji. Tujifunze pia kwa majirani. Mwaka 2022 katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wataalamu wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha mashine ndogo ya MRI yenye sumaku dhaifu isiyohitaji heliamu, kwa lengo la kuwahudumia watoto wenye kichwa maji. Picha zake hazina uwazi wa mashine kubwa. Lakini swali la daktari ni kama maji yamejaa na yako wapi, na kulijibu swali hilo hakuhitaji picha ya kupendeza.

Safu hii inaomba mambo matatu. Vituo vya afya vya shamba, Chwaka ikiwemo, viwe na karatasi ya dalili za hatari za mgongo ukutani, na mwenye dalili hizo apewe rufaa ya siku hiyohiyo inayoandika swali, si neno "MRI" peke yake. Hospitali zenye mashine zitangaze kwa simu au redio mashine inapoharibika, ili mtu asitoke Chwaka alfajiri kuja kuambiwa arudi wiki ijayo. Na bajeti ya matengenezo isomwe hadharani sambamba na bajeti ya ununuzi.

Kwa upande wetu, wananchi, tuanze na mgonjwa aliyemo ndani ya nyumba. Leo jioni muulize mzee wako anayelalamika mgongo: miguu ina nguvu? Ganzi iko wapi? Haja inatoka? Akijibu kwamba kila kitu ni sawa, mng'ang'anie atembee, umpunguzie mzigo, na ng'ombe abaki zizini. Akijibu vingine, msikae kusubiri mchango ukamilike. Mfikisheni hospitali usiku huohuo; habari za picha na za fedha zitazungumzwa mkiwa huko.